Winchi ya msumeno: niliyoyaona Kamenu, na yanayotuhusu sisi watu wa Pwani

Ukimtajia mtu wa Mombasa jina la Thika, wazo lake la kwanza ni mananasi. Mimi ninayeuza mbao, Thika kwangu ni magogo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua mbao katika yadi moja ya Kamenu, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Thika Mjini, kaunti ya Kiambu. Hapo hupasuliwa mkaratusi na mgrevilea. Mgrevilea ni mti wa asili ya Australia ulioletwa kutia kivuli mashamba ya kahawa na chai, na leo mbao zake zinapaua nyumba nyingi za watu wa kipato cha kawaida, huko bara na huku kwetu.

Magogo ya yadi hiyo hutoka kwa wakulima wadogo wa Gatanga na Gatundu. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo ikadumu hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa. Katika miaka hiyo wenye viwanda vya mbao waliigeukia miti ya mashambani, na wengi hawajaiacha hadi leo.

Shida ya miti ya mashambani ni kuitoa. Aliyepita Gatanga anaijua sura ya ardhi ya kule: mgongo, bonde, mgongo tena, bonde tena. Shamba la ekari moja linaanzia barabarani na kuteremka hadi karibu na mto, na mara nyingi miti minene iko huko chini. Lori haliteremki. Trekta ikiteremka itavunja kahawa ya mwenyewe, na kurudi juu ni majaliwa. Kwa hivyo gogo hupandishwa kwa mitaimbo, kamba, mabega na kelele.

Safari yangu ya mwisho nilikuta vijana wa yadi wana kifaa kipya, na mwenye yadi akanichukua shambani nikakione kikifanya kazi. Tangu nirudi nimeulizwa habari zake na watu wengi, wengine wakiwa na nia ya kununua. Naona ni vyema niyaeleze hapa yote kwa pamoja: kinavyofanya kazi, kinavyoweza kuua, na kwa nini sisi wa Pwani tukipokee kwa furaha na kwa tahadhari vilevile.

Msumeno uliovuliwa upanga

Chukua msumeno wa injini, ule ambao watu wa Thika huuita pawaso. Fungua nati za ubavuni, toa kifuniko, toa upanga pamoja na mnyororo wake. Pale palipokuwa na upanga funga kisanduku cha gia chenye duara dogo la chuma lililokunjiwa waya. Injini ni ileile, mafuta ni yaleyale ya petroli iliyochanganywa na oili, na kifyatulio cha mkononi ni kilekile. Badala ya kukimbiza mnyororo, sasa injini inakunja waya, na mwisho wa waya kuna gogo. Ukimaliza kuvuta unarudisha upanga na kuendelea kukata.

Msumeno niliouona ulikuwa Stihl MS 381, wa cc 72, ambao mafundi wengi wa mbao wanaufahamu. Msumeno mdogo wa kupogolea matawi hauiwezi kazi hii.

Utajiuliza, injini inayobebwa kwa mkono mmoja inapata wapi nguvu ya kuburuta gogo? Jibu liko kwenye gia. Injini ya msumeno huenda mbio sana, mizunguko 9,000 na zaidi kwa dakika, lakini haina nguvu ya kuzungusha kitu kizito moja kwa moja. Gia huipunguza mbio hiyo zaidi ya mara mia, na kadiri mbio inavyopungua ndivyo nguvu ya kuvuta inavyoongezeka, ukiondoa kiasi kinachopotea kwa msuguano. Ndiyo maana injini inapiga kelele kama inakata msitu mzima huku gogo linatambaa kama kobe, mita kumi hivi kwa dakika. Winchi moja ya namna hii inayojulikana sana Marekani, Lewis Winch, hutajwa na watengenezaji wake kuwa inavuta pauni 4,000, yaani karibu kilo 1,800, kwa waya mmoja.

Kipimo hicho ni cha duara likiwa karibu tupu. Waya unapojikunja tabaka juu ya tabaka, duara linanenepa, na nguvu ya kuvuta inapungua. Mwenye kujua hili hutoa waya mwingi kabla hajaanza kazi nzito.

Kuna aina nyingine isiyohifadhi kamba kwenye duara. Kamba isiyonyumbuka huzungushwa mara tatu au nne kwenye gurudumu la chuma, na mwendeshaji huuvuta mkia wake kwa mkono. Akiukaza mkia, gogo linakuja. Akiulegeza, gurudumu linazunguka bure na gogo linasimama. Walioko bandarini wanalijua jambo hili bila kufundishwa: kamba ikizungushwa mara tatu kwenye nguzo ya gati, mtu mmoja anaweza kukizuia chombo kizito.

Gogo lina uzito gani?

Watu wengi hukisia uzito wa gogo kwa macho, na macho hudanganya. Mkaratusi mbichi una uzito wa karibu tani moja kwa kila mita moja ya ujazo. Gogo la urefu wa mita 3 na kipenyo cha sentimita 40 lina ujazo wa karibu mita 0.38, kwa hivyo ni kilo 380 hivi. Chukua gogo la urefu huohuo lenye kipenyo cha sentimita 60: ujazo unafika mita 0.85, nalo ni kilo 850. Unene umeongezeka kwa nusu tu, na uzito umezidi mara mbili.

Kuliburuta gogo hilo kwenye ardhi tambarare kunataka nguvu ya kama nusu ya uzito wake, au zaidi kidogo. Likiwa kwenye mteremko mkali wa Gatanga, likipanda, nguvu inayotakiwa inakaribia uzito wake wote. Sasa pima: mtu mwenye kifua chake, akivuta kamba mfululizo, hutoa nguvu ya kilo 30 hadi 40. Gogo la kilo 850 kwenye mwinuko ni kazi ya watu ishirini, na shambani wapo sita. Hao sita hawalivuti. Wanalibiringisha nusu zamu kwa nusu zamu, wakitia kabari za mawe, na kila zamu ni bahati nasibu.

Binamu yangu wa Kaloleni alivunjwa mguu na gogo la mwembe katika kazi ya namna hiyo. Kabari iliteleza, waliokuwa juu wakaruka, yeye alikuwa chini. Mguu uliunga, akabaki na mwendo wa kuchechemea, na kazi ya kibarua haikumrudia. Ninapoitazama winchi, kitu cha kwanza ninachokiona ni umbali. Waya wa mita 40 maana yake ni kwamba hakuna mtu anayelazimika kukaa chini ya gogo.

Kapi, elimu yetu ya zamani

Siku niliyoshuhudia kazi, gogo la tatu liliishinda mashine. Injini ililia, waya ukakazika, gogo halikusogea. Kijana aliyekuwa anaendesha hakuongeza moto. Alizima, akafunga kapi kwenye gogo, akaupitisha waya humo na kuurudisha mwisho wake kwenye mti uliokuwa jirani na mashine. Akawasha tena, na gogo likaja, kwa nusu ya mwendo na kwa nguvu maradufu.

Wenzangu wa bara walishangilia. Mimi nilicheka, maana jambo lile liko kwenye kila jahazi. Henza inayoshuka kutoka kileleni mwa mlingoti huishia kwenye gofia, na jarari hupita humo mara kadhaa kabla ya kufika mikononi mwa mabaharia. Bila gofia na jarari, foromali ya jahazi kubwa isingepanda kwa nguvu za watu wachache. Hesabu ni moja: kila mkondo wa kamba unaobeba mzigo unachukua sehemu yake, na unachokipata kwa nguvu unakilipa kwa urefu wa kamba.

Kwa hivyo anayenunua winchi bila kapi amenunua nusu ya kifaa. Kapi moja zuri lenye ubavu unaofunguka, ili waya uingizwe bila kuuchomoa wote, linaifanya mashine ndogo ifanye kazi ya mashine kubwa.

Uzito hauondoki, unahama

Hili ndilo nataka lishikwe kuliko yote. Mashine hii haipunguzi hata kilo moja ya gogo. Uzito uliokuwa migongoni mwa watu unahamia kwenye waya, kwenye kapi na kwenye mti uliofungiwa mashine. Anayetaka kurudi nyumbani salama lazima ajue wakati wote uzito uko wapi.

Kwanza, uko kwenye waya. Waya uliokazwa ni kama upinde uliovutwa. Ukikatika unarudi kwa kasi ambayo jicho haliioni. Hakuna mtu anayeuvuka waya wakati injini inafanya kazi, wala kuugusa, wala kuuelekeza kwenye duara kwa mkono. Vijana wa Kamenu hutundika gunia lenye mchanga katikati ya waya, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka. Waya wenye nyuzi zilizochomoza au uliokunjamana hutupwa, hata kama jana ulivuta vizuri.

Pili, uko kwenye nanga, yaani mti unaoishika mashine. Siku ileile mshipi ulifungwa juu mno kwenye mgrevilea mmoja. Mti ukaanza kuinama na ardhi ya upande wa nyuma ikapasuka. Mwendeshaji aliachia kifyatulio, na mshipi ukashushwa hadi shinani. Mti hushika kwa mizizi, kwa hivyo ufunge karibu na ardhi. Tena utumie mshipi mpana, kwa sababu mnyororo huchuna gome, na mti uliochunwa gome pande zote hufa.

Tatu, uko kwenye kapi, na hapa ndipo wengi hupotea. Ukiufunga waya kwenye kapi ili ugeuke na kurudi ulikotoka, mti ulioshika kapi hubeba mara mbili ya nguvu ya waya. Winchi ikivuta kilo 700, mti huo unavutwa kwa kilo 1,400. Waya ukigeuka kwa pembe mraba, mti unabeba kama mara moja na nusu. Mshipi au mti huo ukiachia, kapi litaruka kuelekea ndani ya pembe iliyofanywa na waya. Usisimame ndani ya pembe hiyo hata kwa dakika moja, hata kama ndipo penye kivuli.

Nne, uko kwenye gogo lenyewe. Likinasa kwenye kisiki, nguvu inapanda ghafla huku injini inaendelea kuvuta. Dawa yake ni kulichonga gogo pua kabla ya kulivuta, au kulivisha kichwani kofia iliyokatwa kutoka kwenye pipa la plastiki, ili lipande juu ya vizuizi. Na kwa kuwa gogo linapanda mlima, hakuna mtu anayelifuata kwa nyuma. Anayelisindikiza hukaa ubavuni, upande wa juu, mbali nalo. Ukienda kununua, uliza kama winchi ina breki inayoshikilia mzigo injini ikizimika. Kama muuzaji hajui jibu, nenda kwa mwingine.

Kazi inataka watu watatu: mwendeshaji, msindikizaji na wa kuangalia nanga. Ishara za mikono zikubaliwe kabla ya kuwasha, maana kelele ya injini haimpi mtu nafasi ya kusema. Wote watatu wana haki ya kusimamisha kazi, hata awe mdogo kuliko wote.

Mgongo na njaa

Asubuhi ile, kuanzia saa mbili hadi karibu na saa sita, vijana watatu walipandisha magogo saba hadi barabarani. Kwa mitaimbo ingekuwa kazi ya watu sita kutwa nzima, na magogo mawili yangelala.

Wakati wa chai nilikaa na kijana mmoja ambaye siku hiyo alikuwepo kupakia lori tu. Nikamwambia mashine imempumzisha mgongo. Akanijibu, "Mzee, mgongo ni wangu, lakini na njaa pia ni yangu. Hiyo mashine imekula vibarua watatu."

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani wanaosifu mashine kila kukicha wanalo. Ni kweli mwenye yadi analipa watu wachache zaidi kwa kila shamba. Ni kweli pia kwamba magogo yaliyokuwa yakiachwa kuoza bondeni sasa yanatoka, na mkulima analipwa. Lakini faida hiyo inamfikia mwenye mashine kwanza, mwenye shamba pili, na kibarua mwisho, ikiwa itamfikia.

Maoni yangu ni kwamba swali la kujiuliza ni nani awe mwenye winchi. Wapasuaji na wabebaji watano au sita wakijiunga kama kikundi, wakainunua kwa pamoja na kuilipisha kwa gogo badala ya kwa siku, mashine inakuwa yao na mgongo unabaki kuwa wao. Kwetu Pwani watu wanajua kumiliki chombo kwa ushirika: mmoja ana dau, mwingine ana nyavu, mapato yanagawanywa kwa mafungu. Winchi inaweza kugawanywa vivyo hivyo.

Itatufaa wapi huku kwetu?

Mivinje ya Kilifi na Malindi huvunwa ikiwa miembamba, nguzo ambazo mtu hubeba begani. Hiyo haihitaji winchi. Faida iko kwenye miembe mikongwe isiyozaa tena, na kwenye mwarobaini mnene. Wachongaji wa vinyago wa Mombasa na Malindi wamekuwa wakitumia mwarobaini badala ya mpingo na miti mingine ya msituni iliyopungua, na huo ni mti unaoota wenyewe mpaka uani. Miti ya namna hii imekaa katikati ya minazi, mihogo na nyumba za watu, mahali ambapo trekta ingeharibu kuliko ingesaidia. Waya unapita upenyo wa upana wa gogo.

Mtu asisahau kibali. Mti ni wako na shamba ni lako, lakini magogo na mbao havisafirishwi barabarani bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Winchi haikupi ruhusa ambayo hukuwa nayo. Na gogo likiburutwa mara nyingi kwenye njia ileile ya mteremko, mvua ya masika huigeuza njia kuwa korongo. Badilisha njia, tandaza matawi, na usiburute kandokando ya mto.

Kuna neno moja zito zaidi. Misitu yetu mingi imeponea kwa sababu ya heshima ya wazee na sheria za serikali, lakini ponea nyingine imetokana na ugumu wa kuibeba miti yake. Bambakofi aliye ndani ya kaya, mbali na njia, analindwa na mila na pia na kilo zake. Makaya ya Wamijikenda yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, ila orodha haizuii mwizi usiku. Kifaa cha kilo kumi na sita hivi, kinachobebwa kwa mkono hadi pasipofika gari, kinaondoa kilinzi kimojawapo. Kamati za wazee wa kaya na walinzi wa misitu wakijue kifaa hiki kwa sura, na wajue alama zake: shina lenye mchubuko wa mshipi chini karibu na mizizi, na mfereji mwembamba ulionyooka kutoka msituni hadi njiani. Kikundi kitakachonunua winchi kiandike ilikopelekwa kila siku, mti wa nani na kibali gani. Daftari la shilingi mia litawaepusha na mengi.

Wapasuaji wa Kaloleni na Rabai wameshaanza kunipigia simu kuuliza bei. Nawajibu wote jibu moja: tafuteni kwanza kapi, mshipi mpana na glavu za ngozi, tujifunze kufunga nanga na kujua pa kusimama. Hayo tunaweza kuyaanza hata kwa winchi ya mkono ya kuazima. Injini itakuja baadaye.